Chindonde na Ndugu Zake

Nawasalimu mlioko Masasi mjini chini ya mlima Mtandi, na nyinyi wa Newala mliokaa ukingoni kabisa mwa nyanda za juu, mnaoliona bonde la Ruvuma likilala chini yenu. Nawasalimu wa Tandahimba, Nanyumbu na Nachingwea. Mlio mashambani mkiokota korosho huku redio ikining'inia tawini, poleni na kazi.

Leo tuzungumze juu ya lugha za hapa kwetu, na hasa moja ambayo haitajwi sana. Nianze na swali. Mgeni akishuka stendi ya Masasi, akikuuliza wenyeji wa huku wanazungumza lugha gani, utamjibuje? Najua utaanza na Kiswahili, na hapo uko sawa. Akisema hapana, nataka kujua lugha za nyumbani, utamtajia Chiyao, Kimakua na Chimakonde. Ukikumbuka upande wa Nachingwea, utaongeza Chimwera. Baada ya hapo? Wengi wetu tunaishia hapo.

Hatujamtaja Mndonde. Wandonde wapo, kati ya Masasi na Nachingwea, katika nchi ya chini inayoitazama miinuko ya Wamakonde. Wana lugha yao, Chindonde. Wakitajwa, utasikia mtu akisema, "Aa, hao si Wamakonde tu?" Mwingine atasema ni Wamwera. Na Mndonde mwenyewe akienda Dar es Salaam, akiulizwa kabila akajibu Mndonde, ataulizwa tena: Mndonde ndiyo nani? Akishachoka kueleza atasema yeye ni Mmakonde, mradi maneno yaishe.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Tumezoea kufikiri kwamba lugha hufa siku anapozikwa mzee wa mwisho aliyeizungumza. Mimi nasema lugha ndogo huanza kupotea mapema zaidi ya hapo. Huanza kupotea inapokosa jina, wakati wasemaji wake bado wapo, bado wanalima, bado wanaimba. Nalirudia kwa sababu ndilo neno langu la leo: lugha ndogo hupoteza jina kwanza, wasemaji baadaye.

Lakini kabla ya kuitetea Chindonde, inabidi tujue undugu wa lugha ni kitu gani. Mtu anayesema Chindonde ni Chimakonde tu, kuna jambo la kweli amelisikia. Amesikia ufanano, na ufanano upo kweli. Sasa naomba masikio yenu.

Kwa Kiswahili tunasema mwezi, ule wa angani na ule wa kalenda. Myao anasema mwesi. Mmakonde anasema mwedi. Mmakua anasema mweri. Sikilizeni tena taratibu: mwezi, mwesi, mwedi, mweri. Mwanzo ni uleule na mwisho ni uleule. Iliyobadilika ni sauti moja pale katikati.

Utasema labda ni bahati tu. Haya, tujaribu mnyama. Kwa Kiswahili mbuzi. Myao anasema mbusi. Mmakonde anasema imbudi. Mmakua anasema epuri. Mmeisikia? Pale ambapo Kiswahili kina zi, Myao ana si, Mmakonde ana di, na Mmakua ana ri. Ni vilevile kama kwenye mwezi. Jambo likijirudia hivyo, neno hadi neno, bahati haipo tena. Hiyo ni kanuni. Na hakuna mtu aliyekaa akaitunga. Imejijenga yenyewe vinywani mwa watu, kizazi baada ya kizazi.

Tumtazame tena Mmakua, maana yeye ana mambo yake. Mbuzi ni epuri, nyumba ni enupa. Ile mb yetu kwake imekuwa p, mara zote mbili. Ndiyo maana Kimakua ukikisikia mara ya kwanza sokoni unadhani kimetoka mbali sana, kumbe ukishaijua kanuni yake unaanza kuyatambua maneno mojamoja. Lakini mkimwuliza Mmakonde nyumba, atawaambia ing'ande. Hilo ni neno jingine kabisa. Lugha ndugu si lazima zilingane kila mahali. Kila moja ina vitu vyake ilivyookota njiani.

Basi tukishalielewa hilo, tunajua wataalamu wanatafuta nini wanaposema lugha fulani ni ndugu. Kufanana kwa neno moja au mawili hakuwatoshi. Sukari inaitwa karibu vilevile katika lugha nyingi za dunia kwa sababu neno limesafiri na mzigo wa sukari. Wanachokitafuta ni mabadiliko yanayofuata utaratibu, kama hayo ya mbuzi na mwezi.

Na Chindonde je? Profesa Malcolm Guthrie wa Chuo Kikuu cha London, aliyeutumia sehemu kubwa ya utu uzima wake kuzipanga lugha za Kibantu, alizigawa kwa herufi na namba. Lugha zetu za kusini aliziweka chini ya herufi P. Katika kundi moja akaweka Chiyao, Chimwera, Chimakonde, Chindonde na Chimabiha, ile lugha ya Wamabiha ambao wengine huwaita Wamawia. Chindonde kikapewa namba yake, P24, pembeni ya Chimakonde chenye P23. Kimakua akakiweka kundi la jirani, pamoja na Kilomwe cha Msumbiji. Baadaye, mwaka 2003, mtafiti David Odden alizieleza kwa pamoja lugha za kuanzia bonde la Rufiji hadi bonde la Ruvuma. Humo zimo hizi zetu za kundi la Chindonde, zimo Kimatumbi na Kingindo upande wa kaskazini, na Kimatengo na Kingoni upande wa magharibi.

Kwa hiyo Chindonde kina namba yake katika vitabu vya London, na hapa Masasi hatukitaji. Jambo hili linanisumbua sana. Wandonde si wageni waliokuja juzi. Baadhi ya masimulizi ya kale ya Wamakonde yanataja Ndonde kuwa ni mahali wazee wao walikopita kabla ya kupanda nyanda za juu. Kama masimulizi hayo tunayachukua kwa uzito, basi kumwambia Mndonde kwamba yeye ni Mmakonde tu ni kuigeuza hadithi juu chini.

Sasa, kwa nini lugha nyingine za hapa zilipata jina kubwa na hii ikabaki kivulini? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi kutoka pwani. Alikuwa na msafara wa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao asili yao ni bara, upande wa Ziwa Nyasa. Walikusudia kuendelea na safari, lakini wakaipenda nchi ya Masasi, wakakaa. Steere alikuwa mtu wa lugha. Kule Unguja alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha Kiswahili mwaka 1870, kijitabu cha Chiyao mwaka 1871, na mwaka huohuo wa 1876 kikatoka cha Chimakonde. Mwenzake Chauncy Maples akaongeza cha Kimakua mwaka 1879.

Mnaona vilivyofuatana? Chiyao, Chimakonde, Kimakua. Ndiyo majina yaleyale tuliyomjibu mgeni pale stendi! Sisemi wamisionari ndio waliyabuni. Makabila hayo yalikuwepo, tena makubwa. Lakini kuandikwa kunaongeza kitu. Lugha iliyokwisha kuandikwa humvuta mwandishi mwingine, na huyo humvuta wa tatu. Padri Lyndon Harries, aliyefanya kazi huku kusini, alichapisha sarufi fupi ya Kimawia mwaka 1940 na sarufi ya Chimwera mwaka 1950. Mwaka 2005 Peter Kraal alitoa katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, sarufi nzima ya Chinnima, yaani Chimakonde cha upande wa Newala. Newala, lugha yenu ya nyumbani imeandikiwa kitabu kizito! Na katika vitabu vyote hivyo nilivyovitaja, Chindonde hakina chake.

Kuna na sauti zilizonaswa. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule kutoka Leipzig alipita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Aliwaimbisha watu, akanasa, akaenda nazo Ulaya. Alikuja chini ya serikali iliyokuwa imetoka kuwapiga mababu zetu, na lazima hilo tulikumbuke tunaposoma aliyoyaandika. Lakini alichokifanya na ile mashine, leo kila kijana mwenye simu mfukoni anaweza kukifanya vizuri zaidi, kwa hiari ya wazee wake, na kikabaki hapahapa.

Nilisema lugha ndogo hupoteza jina kwanza. Hupotezaje? Hapa kwetu naona mambo mawili yameshirikiana.

La kwanza ni ndoa na makazi. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wote ni watu wa upande wa mama. Tunajua uzito wa mjomba. Kwa desturi ya zamani mwanamume alikwenda kukaa kwa wakwe zake, na watoto wakawa wa ukoo wa mama. Kwa hiyo nyumba moja yenye lugha mbili kwetu si jambo geni. Mtoto alijua ya mama, akaisikia ya baba, akacheza kwa ya jirani. Mpangilio huo uliziweka lugha ndogo hai, kwa sababu mama aliyebaki kijijini kwao alikuwa na ndugu zake wote pembeni yake. Kisha ukaja mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, wakaja vibarua kutoka kila upande. Miaka ya 1970 zikaja operesheni za vijiji, kaya zilizokuwa zimetawanyika zikakusanywa mahali pamoja kwa ajili ya shule, zahanati na maji. Katika kijiji kikubwa chenye Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wandonde, watu wanahitaji lugha moja ya kusikilizana. Kiswahili kilikuwa tayari, tena kizuri na cha wote. Mimi nakishukuru Kiswahili. Ndicho kinachoniwezesha kuzungumza nanyi wote saa hii, na ndugu yangu wa Kigoma akanielewa. Ila tuseme ukweli, chini ya kivuli chake lugha kubwa za nyumbani zilipata pa kusimama, zile ndogo zikabanwa mara mbili, na Kiswahili na jirani yao mkubwa.

La pili ni aibu, na hili linaniumiza zaidi. Mtu wa kusini akisema nkono badala ya mkono, au nkuki badala ya mkuki, huko mjini watu hucheka hadi machozi. Vichekesho vimejaa lafudhi hiyo. Sasa niwaulize: kwa nini Mmakonde anasema nkono? Ulimi wake umeshindwa m? La hasha. Katika lugha yake ile sauti ya mwanzo hukaa mahali pamoja na sauti inayoifuata. Mbele ya k inakuwa n ya kooni, mbele ya p inabaki m. Ni kanuni safi, ina mpango kama ile ya mwezi na mwedi. Anayecheka anaicheka kanuni asiyoijua. Na mtoto aliyechekwa shuleni kwa ajili ya nkono hatarudi nyumbani kumwomba bibi yake amfundishe Chimakonde. Kama anayo aibu mtoto wa lugha kubwa yenye vitabu, mtoto wa Kindonde atakuwa na nini?

Na tusidhani mambo lazima yawe hivi. Tuvuke Ruvuma. Upande wa Msumbiji, Shimakonde, Kimakua na Chiyao zimewekewa utaratibu rasmi wa kuandikwa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimo miongoni mwa lugha zinazofundishiwa watoto wa madarasa ya mwanzo katika baadhi ya shule, sambamba na Kireno. Ni lugha zilezile. Wengine ni watoto wa ndugu zetu hasa, maana mpaka ule ulichorwa na Wajerumani na Wareno, na wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 maelfu walivuka kuja kukaa nasi. Malawi nako, tangu miaka ya 1990, Chiyao kinasikika kwenye redio ya taifa lao. Hapa kwetu redio ni ya Kiswahili, na tuna sababu zetu za kihistoria. Lakini ni vizuri mjue kwamba lugha anayoisema bibi yako huku akipepeta unga, ng'ambo kuna mtoto anaifanyia mtihani.

Na jina lina uzito hata mbele ya serikali. Mnawakumbuka Wamakonde wa Kenya? Wazee wao walikwenda huko kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazeeka, na watoto wao waliozaliwa Kwale wakakaa miaka mingi bila vitambulisho kwa sababu hawakuwa katika orodha ya makabila ya Kenya. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona rais. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Sisi Tanzania hatugawi vitambulisho kwa kabila, na iendelee hivyohivyo. Mndonde hahitaji orodha ya namna hiyo. Anachohitaji ni kwamba akisema mimi ni Mndonde, jirani yake ajibu: ndiyo, nawajua.

Tena serikali yetu haikukataza jambo hili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka lugha za jamii zetu zitafitiwe, zihifadhiwe na zizungumzwe kwa fahari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2001, na mwaka 2009 kikatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Kazi hiyo ni nzuri, lakini watafiti wa Dar es Salaam ni wachache na lugha ni zaidi ya mia. Hawawezi kukaa kila kijiji cha Masasi wakingoja bibi apate nafasi. Wewe unaweza.

Kwa hiyo nina ombi, na naomba mnisikilize vizuri, hasa vijana, walimu na wanachuo, pamoja na ninyi wa chuo cha Stella Maris pale Mtwara. Mtafute mzee wa Kindonde. Ukimkosa Mndonde, mtafute Mmatambwe wa bonde la Ruvuma, au Mmabiha, au Mmwera. Msalimu, kaa naye, omba ruhusa ya kurekodi. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, swali la kwanza lisiwe la msamiati. Mwulize: lugha yako wewe unaiitaje? Jina atakalolitaja yeye ndilo la kuandika, hata kama wewe ulikwenda na jina jingine. Andika na kijiji, na tarehe. Andika na alikozaliwa mama yake, kwa sababu kwetu huko ndiko lugha ilikotoka.

Kisha mwulize mwezi anauitaje, na mbuzi, na maji. Myao anasema mesi, Mmakonde anasema medi, yeye anasemaje? Kwa majibu ya maneno hayo matatu peke yake mtaalamu anaweza kuanza kazi. Halafu ziache orodha, mwache azungumze. Mwulize juu ya ming'oko, jinsi ya kuitambua porini na jinsi ya kuichimba bila kuiua. Mwulize majina ya udongo, ule wa mihogo na ule usiofaa kitu. Mwulize zamani maji yalichotwa wapi, kabla ya mabomba. Ninyi wa Newala mnajua akina mama waliteremka wapi na ndoo na kupanda nazo wapi. Wazee wawili ni bora kuliko mmoja, maana mmoja akikosea mwenzake atambishia, na katika kubishana ndipo lugha inapotoka yote. Usimsahihishe. Usimcheke.

Na angalizo moja. Nyimbo na mafundisho ya jando na unyago yana wenyewe. Yapo ya hadharani na yapo ya ndani. Ya ndani usiyarekodi kwa siri, na usiyarushe mitandaoni ili upate watazamaji. Lugha ina mengi ya kutosha nje ya hayo.

Ukimaliza, usiiache kwenye simu tu, maana simu huanguka majini na huibiwa. Weka nakala kwa mtu wa pili. Mpe mwalimu mkuu nakala, mpe mtoto wa yule mzee, peleka nyingine chuoni. Na ukiiandika juu ya faili, usiandike "Kimakonde cha bibi" kama bibi amekwambia ni Chindonde. Andika Chindonde.

Walimu, kwenu nina neno fupi. Mtoto akisema nkono darasani, mweleze Kiswahili sanifu kinasema mkono, na mwambie vilevile kwamba ya kwao ina kanuni yake. Ni dakika moja tu, na wenzake wataacha kucheka.

Wasikilizaji wangu, muda wetu umekwisha. Wandonde mnaonisikiliza, tuandikieni mtuambie mwezi mnauitaje. Juma lijalo saa kama hii nitayasoma majibu yenu hewani, na jina la lugha nitalisoma vilevile mtakavyoliandika. Jioni njema.